Chumvi ya mto Pangani: inashuka kutoka juu au inapanda kutoka baharini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nalima bamia, mchicha na kipande cha mpunga kando ya mto Pangani, juu kidogo ya mji. Bibi yangu alikunywa maji ya mto huu huu maisha yake yote. Mimi tangu mwezi wa kumi na mbili nikimwagilia, bamia zinaungua ncha za majani, na juu ya udongo panatokea ungaunga mweupe. Jirani yangu anasema chumvi wanatuletea watu wa skimu za umwagiliaji za Moshi, Same na Korogwe: wanaosha mashamba yao, uchafu unatushukia sisi. Mume wangu anasema ni bahari tu. Nani mkweli? Na mimi mwenyewe nikimwagilia, naongeza chumvi mtoni?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake mna maswali matatu. Nianze na lile linalowagombanisha nyumbani. Mumeo amemwona mwizi aliyeingia. Jirani yako amemwona aliyeacha mlango wazi. Chumvi inayokuunguzia bamia, kwa sehemu kubwa, ni ya bahari. Lakini bahari haikupanda kwa nguvu zake peke yake. Imepanda kwa sababu maji matamu yaliyokuwa yakiisukuma yamepungua, na katika bonde zima la Pangani hakuna mnywaji mkubwa wa maji kama kilimo cha umwagiliaji. Kwa hiyo wa juu wana sehemu yao katika jambo hili, ila si kwa njia anayoifikiri jirani yako. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwako, kwa sababu dawa ya chumvi iliyoshuka kutoka juu siyo dawa ya chumvi iliyopanda kutoka chini.

Tuanze na ile ya juu, kwa kuwa ipo na inafanya kazi hata shambani kwako.

Huku pwani, kuanzia Tanga mpaka Bagamoyo, mahali panapoanikwa maji ya bahari ili kuvuna chumvi panaitwa jaruba. Na kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta nacho ni jaruba. Waliovipa vitu viwili jina moja waliangalia umbo, lakini wamegusa na kazi yake. Mvuna chumvi anafungulia maji, anaziba, analiachia jua. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Mkulima naye anafungulia maji, anaziba, na jua pamoja na mmea vinakunywa. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Kinachowatofautisha ni kiasi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Lita ya mto mzuri ina sehemu ndogo tu ya gramu moja. Lakini hakuna mto usio na chumvi kabisa. Mvua inayoanguka Kilimanjaro, Meru, Upare au Usambara inapita kwenye mawe na udongo, na kila inapopita inabeba kidogo: kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na jamaa zao.

Tufanye hesabu kwa ekari yako moja. Tuseme msimu wa kiangazi unaipa maji ya kina cha milimita 500, yaani kama mita za ujazo 2,000. Tuseme maji hayo ni matamu kabisa kwa ulimi wa mtu, yana gramu 0.3 tu kwa lita. Zidisha. Msimu mmoja umemwaga shambani kilo 600 za chumvi, magunia 12 ya kilo 50, na hujaona hata punje. Mzizi unanyonya maji na kuiacha nje sehemu kubwa ya chumvi hiyo. Kama hakuna mvua ya kuisukuma chini wala mtaro wa kuitoa, msimu unaofuata utaongeza magunia 12 mengine juu ya yale. Ungaunga mweupe uliouona ndio hiyo hesabu, imejiandika yenyewe juu ya ardhi.

Sasa skimu yenye mitaro mizuri haiachi chumvi irundikane. Mkulima anatoa maji kidogo zaidi ya mahitaji ya mmea, yale ya ziada yanaishusha chumvi chini ya mizizi, mtaro unayakusanya, na mtaro unarudi mtoni. Tazama kinachotokea. Maji kumi yametoka mtoni, saba yamepaa hewani, matatu yamerudi. Chumvi iliyotoka na yale kumi imerudi karibu yote ndani ya hayo matatu. Ukali wake umepanda zaidi ya mara tatu. Skimu ya pili iliyo chini yake inachota mchanganyiko huo, inakunywa, inarudisha makali zaidi. Mto wenye skimu nyingi zilizofuatana huwa mkali kadiri unavyoteremka, hata kama hakuna mtu aliyetia chembe ya chumvi ndani yake. Jirani yako anaposema wanaosha mashamba yao na kutushushia, anaeleza jambo la kweli linalojulikana duniani kote.

Mfano ninaoupenda kuutoa kwa wanafunzi ni wa mto Colorado, unaotoka Marekani na kuingia Meksiko. Huko Arizona kulikuwa na skimu iliyomwagilia mpaka maji ya chini ya ardhi yakapanda na kuigusa mizizi. Mwaka 1961 wakaanza kuyavuta yale maji ya chini kwa pampu, makali kupindukia, na kuyamwaga mtoni karibu na mpaka. Wakulima wa bonde la Mexicali, upande wa Meksiko, wakaona chumvi ya maji yao imeongezeka karibu mara mbili kwa muda mfupi. Mazao yakafa, serikali mbili zikazozana, na ilibidi kungoja hadi 1973 ndipo makubaliano ya kudumu yakapatikana. Huo ndio ugonjwa wa chumvi ya juu ukiwa umekomaa.

Kwa nini basi nasema wako siyo huo, au siyo huo hasa? Kwanza, Mexicali ni jangwa. Pwani ya Tanga inapata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Masika moja nzuri inaosha udongo kuliko pampu yako inavyoweza kuuchafua mwaka mzima. Bibi yako na mama yako walilima hapo, na ardhi ilikuwa inajisafisha.

Pili ni hesabu, na hii naomba uifuate taratibu kwa kuwa ndiyo iliyonishawishi mimi. Ili maji ya gramu 0.3 yafike gramu 2 kwa lita kwa njia ya kupaa tu, karibu sehemu sita kati ya saba za mto mzima zingepaswa kupaa hewani njiani na kuacha chumvi yao yote nyuma. Sasa chukua ndoo 19 za mto huo huo mtamu, ongeza ndoo moja tu ya bahari. Umeshafika gramu 2. Ndoo moja kati ya ishirini! Na ukitia ndoo moja ya bahari katika mia, tayari maharage yameanza kupunguza mavuno. Mtu anayeishi karibu na mdomo wa mto hana haja ya kwenda mbali kumtafuta anayeleta chumvi, mradi bahari inaweza kupita.

Na inapitaje? Watu wengi wanafikiri maji yanapojaa, bahari inausukuma mto kinyumenyume kama mtu anayesukuma mkokoteni. Sivyo hasa. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto, kwa hiyo yanaingia kwa chini, yanatambaa juu ya mchanga wa sakafu ya mto kama kabari, huku maji matamu yakiendelea kuteremka juu yake. Mara ya kwanza nilipoyaona haya nilikuwa kijana, ndani ya mtumbwi hapo hapo Pangani, na chupa iliyofungwa jiwe na kizibo chenye kamba. Unaishusha mpaka chini, unavuta kizibo, unaipandisha. Mzee aliyekuwa anapiga kasia alikunywa maji ya juu kwa kiganja mbele yangu, akatikisa kichwa kuonyesha ni mazuri. Nikampa ile chupa ya chini. Aliyatema. Alikuwa amevuka mto huo maisha yake yote na alijua kwamba kina ni cha chumvi, lakini hakujua imefika mpaka pale tulipokuwa.

Kabari hiyo inaenda umbali gani? Inategemea mizani ya vitu viwili: nguvu ya bahari inayojaa na wingi wa maji yanayoshuka. Bamvua, yaani siku ambazo bahari inajaa na kupwa kuliko kawaida, katika pwani yetu linapanda mita tatu na ushei, na hilo halijabadilika tangu enzi za bibi yako. Usawa wa bahari unapanda polepole, na mmomonyoko wa kingo na ukataji wa mikoko vimeongeza madhara yake, lakini kwenye mizani hii kilichobadilika sana ni upande wa pili.

Mto Pangani unaanza na Kikuletwa na Ruvu (si Ruvu ya Bagamoyo, ni nyingine) inayoingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo likijaa linatanda zaidi ya kilomita za mraba 100, katika sehemu kavu na ya joto, kwa hiyo jua linakunywa humo kila siku bila kukosa. Halafu mto unapita mabwawa ya asili ya Kirua, unapokea Mkomazi na Luengera, unafika Hale ambako umeme umezalishwa tangu 1964, unashuka maporomoko ya Pangani, na ndipo unatambaa kuja kwenu. Mitambo ya umeme haili maji. Yanaingia, yanazungusha, yanatoka yale yale. Inachoweza kubadili ni saa na majira ya kuyaachia, na kwako hilo ni muhimu, nitalirudia. Anayekula maji, kwa maana ya kuyapeleka hewani yasirudi tena, ni shamba.

Na watu wa juu wamekuwa wakimwagilia tangu zamani sana. Mifongo ya Uchagani, yaani mifereji ya maji, na ndiva za Upare, yaani mabwawa madogo ya kuhifadhi maji, zilikuwepo kabla ya serikali yoyote kuandika kibali. Sipendi kusikia wakilaumiwa kana kwamba ni wavamizi. Vitunguu na mpunga unaonunua gulioni vinatoka kwao. Kilichobadilika ni wingi wa watu, na mazao yenyewe. Mradi wa mpunga wa Moshi chini, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani ukiwa na kama hekta 1,100 za mpunga, ulifanikiwa mpaka mafanikio yakauumiza. Wakulima walio juu ya banio, yaani pale maji ya mto yanapozuiliwa na kuingizwa mferejini, waliona mpunga unalipa, wakafungua majaruba yao wenyewe, na maji ya kwenye banio hayakutosha tena. Mpunga unakunywa maji kuliko migomba.

Kuna jambo hapa ambalo hata wataalamu wenzangu hulikosea. Inasemekana kwamba mifereji ya udongo inapoteza maji, kwa hiyo tukiisakafia kwa saruji, au tukiweka umwagiliaji wa matone, mto utapona. Si lazima. Sehemu kubwa ya yale yaliyovuja kwenye mfereji wa udongo yalikuwa yanazama ardhini na kurudi mtoni mbele ya safari. Hayakuwa yamepotea, yalikuwa njiani kuja kwako. Ukisakafia mfereji, mkulima wa juu anabaki na maji mengi zaidi mkononi, na mkulima mwenye maji mkononi hayarudishi mtoni, anaongeza ekari. Mwisho wa yote yaliyopaa yameongezeka na yanayofika Pangani yamepungua, ingawa kila mmoja kwa nafsi yake amekuwa mwangalifu zaidi. Kuboresha mifereji kunamsaidia mto pale tu ambapo ekari zimewekewa kikomo na sehemu iliyookolewa imeandikwa kwamba ni ya mto. Bila hivyo ni faida ya wa juu, nayo si dhambi, ila isiitwe uokoaji wa mto.

Basi mto unafika kwenu ukiwa mwembamba, hasa kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi masika yaanze, wakati kaskazi inavuma, jua ni kali na kila pampu ya juu inanguruma. Kabari ya bahari haikutani na mtu wa kuizuia. Inapanda. Ndiyo maana bamia zako zilianza kuungua Disemba na si Mei.

Usiniamini kwa maneno. Kuna njia za kumtambua mwizi. Ya kwanza ni sabuni, na hii unaweza kuifanya leo. Maji yaliyokolea chumvi ya juu katika bonde hili, hasa yanayotoka upande wa Meru na Kikuletwa penye mawe ya volkano, yana asili ya magadi: yanateleza mkononi na sabuni hutoa povu upesi. Maji yaliyochanganyika na bahari yanakataa povu. Sabuni inagandagandana kama maziwa yaliyokatika. Si kipimo cha maabara, lakini kinaweza kumaliza ubishi wa kibarazani.

Ya pili ni mwezi. Chumvi ya juu haijui bamvua. Kama inatoka Moshi, itakuwa ile ile asubuhi na jioni, tarehe moja na tarehe nane. Kama ni ya bahari, itapanda na kushuka na maji. Nunua au azima kwa bwana shamba kipimo kidogo cha kushika mkononi kinachosoma chumvi ya maji. Vingi husoma kwa maikrosimensi, namba inayopanda kadiri chumvi inavyoongezeka. Chota kila siku mahali pamoja, mara moja maji yakiwa yamejaa kabisa na mara moja yakiwa yamekupwa kabisa, juu na chini kwa chupa ya kamba kama nilivyokueleza. Andika tarehe ya mwezi wa Kiislamu, kama wavuvi wanavyohesabu: bamvua ni kuzunguka mwandamo na kumi na tano, maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ni kuzunguka tarehe nane na ishirini na mbili.

Usitegemee ulimi. Ulimi ukishasema "chumvi," mazao mengine yameshaumia. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeweka viwango ambavyo tunavitumia wote. Maharage huanza kupunguza mavuno maji yakizidi 700 kwenye kipimo hicho, vitunguu 800, mahindi 1,100, nyanya 1,700, mpunga 2,000. Bamia yako haina uvumilivu. Iweke pamoja na maharage. Mpunga nao usikudanganye kwa hiyo 2,000. Mche mchanga na mpunga unaotoa maua huumia mapema, ingawa katikati ya umri wake unaonekana shujaa. Mnazi ndio unaovumilia kwa kweli, na ndio maana umesimama mpaka ufukweni.

Sasa pampu yako. Hapa ndipo unapoweza kuokoa msimu huu huu bila kumngoja mtu yeyote. Siku za bamvua maji yanavurugika, chumvi ya chini inachanganyika na ya juu, na karibu hakuna saa nzuri isipokuwa mwishoni kabisa mwa kupwa. Siku za maji mafu mto unatulia na kujipanga tabaka: tamu juu, chumvi chini. Kwa hiyo siku hizo mdomo wa mpira wa pampu ndio unaoamua. Wengi huufunga jiwe na kuutupa mpaka sakafuni ili usivute hewa, na hapo wanavuta bahari tupu huku maji matamu yakipita juu ya mdomo wa mpira. Funga madumu mawili matupu kwenye mpira, mdomo uning'inie kama nusu mita chini ya uso wa maji, usishuke zaidi. Vuta katika saa za mwisho za kupwa, na usimame mto unapoanza kujaa. Kumbuka kwamba kwako, juu ya mji, kupwa kunachelewa kuliko mdomoni mwa mto. Usitumie saa za wavuvi wa forodhani bila kuzihakiki kwa kipimo chako. Na zile saa ambazo mitambo ya umeme inaachia maji mengi zinaongeza nguvu ya mto baada ya muda fulani wa safari. Daftari lako la mwezi mmoja litakuonyesha muda huo kuliko nitakavyoweza kuukisia mimi nikiwa Tanga mjini.

Maji yakiwa ya wasiwasi, yapitishe kwenye mfereji chini ya mmea, usiyanyunyizie juu ya majani. Jani la bamia hunywa chumvi moja kwa moja, na ncha zilizoungua nyingi huanzia hapo. Mwagilia jioni.

Kuhusu ule unga mweupe: chimba shimo la kina cha mkono mzima mpaka begani. Ukikuta maji, ugonjwa wako ni wa chini ya ardhi, yaani maji yanapanda kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi na kuacha chumvi juu kila siku, hata usipomwagilia. Hapo usiongeze maji kabla ya kuchimba mtaro wa kuyatoa. Nimewahi kufanya kazi kwenye skimu moja ambayo watu waliifukia mitaro ya kutolea maji ili wapate mistari michache zaidi ya mpunga. Niliwaona wanafukia, nikaona ni jambo dogo, sikusema. Baada ya misimu michache nusu ya eneo lilikuwa jeupe, na waliopoteza zaidi walikuwa wajane wawili waliopewa vipande vya bondeni kabisa. Hilo limebaki moyoni mwangu, na ndiyo sababu nakusisitizia mtaro kuliko kitu kingine chochote.

Kama shimo ni kavu, una bahati. Kabla ya masika tengeneza matuta imara, uyazuie maji ya mvua shambani yazame badala ya kutiririka juu juu. Mvua inayozama inaosha. Inayotiririka inabeba udongo tu. Acha kipande cha chini kabisa kwa mpunga wa masika, na bamia zipande juu. Utasikia watu wakikushauri jasi ya Makanya, yaani unga wa jiwe jeupe laini. Jasi ni dawa ya kweli kwa udongo ambao sodiamu imeuziba ukawa hauingizi maji, ila haitoi chumvi. Inaifungua njia tu. Bila maji matamu ya kuisukuma na mtaro wa kuipokea, umenunua magunia ya bure. Kabla hujanunua, peleka sampuli ya udongo kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza. Kazi ya udongo ndiyo kazi yao, na si mbali na wewe.

Swali lako la tatu: wewe nawe unaongeza? Kidogo sana, na ninafurahi umeuliza. Maji unayoyachota ni tone katika mto. Lakini kuna njia moja ambayo mkulima mmoja wa pwani anaweza kujiletea bahari mwenyewe, nayo ni kisima. Maji matamu ya ardhini huku kwetu yanaelea juu ya maji ya bahari. Kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 zake chini ya usawa huo. Hesabu hiyo inarudi kinyume: ukivuta mpaka maji yashuke sentimita chache, bahari inapanda kutoka chini mara 40 ya hizo. Kwa hiyo ukichimba kisima, usikichimbe kirefu ukidhani kirefu ndicho kizuri. Chimba kifupi na kipana, vuta polepole, pumzisha.

Yaliyobaki hayako mikononi mwako peke yako, lakini una haki nayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuuhifadhi mto wenyewe, na ndipo yanafuata mashamba, umeme na viwanda. Mto unaofika baharini ukiwa na nguvu ya kuizuia kabari ni hayo maji ya pili katika orodha. Si maji yanayopotea baharini, kama nilivyowahi kusikia yakiitwa kwenye kikao. Kamba wanaovuliwa mdomoni mwa mto huo wanayahitaji, mikoko inayahitaji, na bamia zako pia. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko Moshi, na ndiyo inayotoa vibali vya kuchota. Katika vikao vya namna hiyo watu wa juu wanakuja na takwimu za ekari zao, na watu wa Pangani wanakuja na malalamiko. Malalamiko hayaingii kwenye jedwali. Daftari lenye tarehe, saa, mwezi, juu, chini na namba linaingia. Mkiwa wanne au watano kando ya mto, kila mmoja mahali pake, mtaweza kuonyesha mwezi gani kabari imefika wapi, na hapo jirani yako na mumeo watakuwa upande mmoja.

Anza mwandamo ujao. Ukifika tarehe ishirini na tisa, nitumie kurasa zote hata kama kuna siku umekosa, nami nitakupangia saa za pampu kwa mwezi unaofuata.